Waya Chini ya Zulia

Sanaiya ya Ghala, mwezi wa saba,
saa tano za usiku na bati bado linapumua joto.
Mchana hatuthubutu: resini huganda koponi
kabla brashi haijafika kwenye mkeka.
Kwa hiyo tunalala kama popo, tunaamka magharibi,
na kopo tunalizika kwenye barafu
kando ya soda za Biju.

Mundhir alileta Patroli yake nyeusi
na simu mkononi, herufi kubwa kubwa:
"Sisikii. Nililala na homa, nina miaka saba,
nikaamka dunia imezimwa."
Kiswahili cha kwao, cha bibi yake, kisicho na haraka.
Nikadhani anataka viti, labda rangi,
labda zile taa za zambarau wanazopenda vijana wa Khuwair.
Akaandika tena:
"Nataka ngoma ije mgongoni.
Na anayenipigia honi nyuma, nimwone."

Shaukat alicheka, kisha akaacha kucheka.

Tukang'oa kila kitu. Viti nje, zulia nje,
dashibodi juu ya meza kama taya la ngamia.
Nikachonga fremu ya kubebea spika chini ya kiti,
nikavuta kitambaa juu yake, kikakazana,
nikakinywesha resini mpaka kikasimama chenyewe.
Tabaka la kwanza. La pili.
La tatu likaingia povu;
nikalikwangua kwa kisu, nikarudia, nikalaani.

Nyuzi za kioo zina tabia ya upupu.
Zinakaa shingoni, kwenye kiwiko, chini ya saa.
Thureya hataki nguo zangu zilowekwe na za mtoto.
"Kikulacho ki nguoni mwako," ananiambia,
na kwake yeye hiyo si methali,
ni hesabu ya sabuni.

Msasa themanini. Msasa mia mbili arubaini. Kiganja.
Kiganja ndicho kinachojua, jicho hudanganywa na vumbi.
Ubao wa mlango ukabaki na mkunjo mmoja tu,
pale goti la mtu linapoegemea.

Kisha waya.
Maikrofoni kama punje ya mtama nyuma ya bampa,
waya wake ukaingia kwenye tundu la mpira,
ukapita chini ya zulia, ukakwepa reli ya kiti,
ukapanda nguzo ya mlango.
Nikauvisha utepe wa kitambaa ili usigongegonge,
usimpigie kelele dereva barabarani,
nikasita.
Kelele kwa nani?

Nikauvisha hata hivyo, mpaka mwisho.

Wazee walisema mficha uchi hazai.
Mimi riziki yangu iko kwenye kuficha:
lehemu, fyuzi, rilei, kila kiungo kwenye giza lake.
Mteja akiona waya mmoja
sina uso wa kumdai.

Alfajiri ya siku ya tisa Mundhir aliketi.
Nikawasha.
Sisi tulio nje tulipata ngurumo ya chini tu,
bilauri ya chai ikatembea peke yake mezani,
Biju akaidaka ukingoni.
Yeye alifumba macho. Dakika nzima hakuna kitu.
Halafu mabega yake yakaanza kuhesabu.

Nikaenda nyuma ya gari.
Shaukat alikuwa tayari kwenye lori lake, mkono juu ya honi;
nikamkataza.
Nikainama karibu na bampa
nikasema, "Mundhir,"
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Mlangoni, ndani ya mkunjo, pasipokuwa na kitu,
mstari wa rangi ya kaharabu uliwaka, ukazimika.
Akageuka.
Nikasema tena.
Akageuka tena, na safari hii meno yote nje.
Mara ya tatu sikuwa na la kusema,
nikakohoa vumbi la faibaglasi,
na taa ikakohoa pamoja nami.