Neno Moja, Shilingi Thelathini

Saa tisa usiku, Pasua, Moshi.
Naandika: "Mtu mzima alale saa saba mpaka nane."
Maneno saba. Shilingi mia mbili na kumi.
Kikombe cha tatu cha kahawa kimechora duara
juu ya bili ya maji.

Naandika: "Kunywa glasi nane kila siku,"
na bomba la uani linakohoa hewa
tangu Jumanne.

Mhariri wangu, Tunu, yuko Dar es Salaam.
Sura yake siijui, najua mlio wa ujumbe wake:
"Ongeza matumaini."
"Punguza ndizi, wasomaji wanapenda parachichi."
Basi kila aya naipandia parachichi.
Ya mama mwenye nyumba huanguka usiku juu ya bati,
puu!
nami nashtuka kama mtu anayedaiwa.
Kwa kweli, nadaiwa.

Nimejifunza kunenepesha sentensi.
"Ni muhimu sana kuzingatia kwamba":
maneno matano hayo, mia na hamsini,
na bado sijasema kitu.
Nikiyarudia mara nne
nimepata fungu la nyanya pale Mbuyuni.

Kuhusu maumivu ya mgongo nimeandika makala sita,
zote nimejikunja kama ndoano.

Chini ya makala jina langu halipo.
Ipo picha ya daktari mwenye miwani.
Hatujawahi kuonana.
Nadhani yeye analipwa kwa miwani.

Jumamosi nilipanda Kibosho kwa mama.
Presha yake, mia na sabini kwa mia,
naikumbuka kuliko namba yangu ya simu.
Akafungua kitabu chake cha novena, akatoa karatasi
iliyokunjwa mara nne.
"Nesi Aikande katugawia kliniki.
Nisomee, macho yangu yana ukungu."

Kabla ya mstari wa pili nilishajua.
Ile koma niliiweka umeme ulipokatika.

Nikasoma kwa sauti ya mgeni, sauti ya redio:
punguza chumvi, acha kabisa magadi kwenye kiburu.
Mama alisikiliza, kidole shavuni,
mpaka nilipofika "ni muhimu sana kuzingatia kwamba."
Akainua mkono.
"Huyu daktari anazunguka
kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Nikanyamaza.

"Na kiburu hajawahi kukipika.
Ukitoa magadi, maharage yatakaa jikoni mpaka kesho.
Mbona hasemi uyaloweke?
Kuni anadhani zinaokotwa wapi?"

Ningeweza kusema, mama, ni mimi.
Ningeweza kusema, mama, kuloweka kulikuwemo,
kukakatwa, nafasi ikapewa parachichi.
Lakini hilo lingekuwa uongo.
Sikukumbuka kuloweka.
Mimi, niliyekulia kwenye moshi wa jiko hili hili.

Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile,
akairudisha kati ya watakatifu.
"Ila magadi nitayaacha," alisema.
"Hapo mwishoni nimesikia
kama huyu mtu naye ana mama."

Jumapili, saa nne usiku, nikamwandikia Tunu:
naomba niongeze sentensi moja.
"Loweka maharage tangu jioni, mwaga maji, yataiva bila magadi."
Akajibu: "Bajeti imeshafungwa."
Nikajibu: haya ni bure.
Vinukta vitatu vilicheza kwenye kioo cha simu,
vikatulia, vikacheza tena.
"Sawa. Ila bure usiizoee."

Bomba bado linakohoa.
Nimenunua ndoo moja kwa kijana wa toroli,
nusu ya kuoga, na nusu
nimeimimina kwenye sufuria yenye kilo ya maharage.
Nayafunika, nazima taa.
Kesho nitajua kama nilisema kweli.