Sakafu Inayolia

Kabla ya marumaru, Bi Zeyana,
acha nigonge.
Nipige goti mlangoni mwa bafu lako la ghorofani, hapa Kiponda,
nibishe hodi ubao kwa ubao
kwa mpini wa nyundo,
nisikilize nani mzima, nani mgonjwa.

Maboksi yako nimeyaona. Yamepangwa ukumbini
kama wageni waliofika kabla pilau halijaiva.
Rangi ya maziwa, ua la buluu katikati,
umeyanunua Darajani kwa pesa za mwanao wa Maskati.
Najua unataka yalale leo.
Lakini marumaru yana kiburi, hayajui kuinama.
Ubao hunywa maji, huvimba masika,
jua la kaskazi likiwaka husinyaa,
hupumua kama wewe na mimi.
Ukimlaza asiyepinda juu ya anayepumua
usiku wa tatu utasikia: ta!
na ufa umeshapita katikati ya ua.
Methali inatwambia tuzibe ufa wa ukutani.
Wa sakafuni hauzibiki, Bibi. Hufukuliwa.

Basi nimeng'oa.
Misumari ya zamani, ya kichwa cha mraba,
imetoka na kutu yake, mmoja mmoja, kwa kelele.
Chini nimekuta kitana kisicho meno,
kifungo cha kanzu,
pesa moja nyeusi isiyonunua tena kitu,
na boriti tano za mkoko:
nne kavu kama mfupa,
ya tano laini, kidole changu kikazama mpaka kifundo.

Pale pale palipokuwa na kigoda.

Ukanambia, bila kunitazama:
hapo nilimwogesha Haroub miaka sita,
tangu mguu wake ulipokataa,
kata baada ya kata.
Mara ya mwisho wakamwosha wengine,
mimi niko ukumbini, nimeshika taulo.

Nikaiweka nyundo chini.
Watu husema maji hayana kumbukumbu.
Mbao zinayo.

Nimeikata iliyooza, nikaipachika ndugu yake, bolti nne.
Nimelaza pima maji: kile kipovu kikatangatanga,
kikaja kukaa katikati
kama mtoto aliyechoka kulia.
Kisha plaiwudi, ile nene isiyoogopa maji.
Kandokando ya kuta nimeacha upenyo wa sarafu,
maana hata mbao zinazopendana
zinataka pa kujinyoosha.
Skrubu kila shibiri, vichwa vyote nimevizamisha.
Nimetembea juu yake na viatu, bila viatu.
Nimeruka.
Kimya.

Ndipo ukaja, ukakanyaga, ukasimama.
"Mbona hailii?"

Nikasema, Bibi, sakafu inayolia huvunja marumaru.

Ukasema: ubao ule wa kwanza, wa mlangoni,
ulikuwa ukilia alfajiri
nikajua ameamka, nikajua hajaanguka.
Miaka miwili sasa nikiukanyaga mwenyewe
hujisahau,
nasema, "Taratibu, Haroub."

Sina skrubu ya jambo hilo.
Fundi wangu, marehemu Pandu Mcha,
alinifundisha kuinyamazisha sakafu.
Kuiomba radhi hakunifundisha.

Kesho ni rangi ya kuzuia maji, mikono miwili,
keshokutwa gundi, ndipo wageni wako waingie.
Usioge humu kwa sasa. Nimeshazungumza na Bi Raya wa chini,
kasema mlango wake uko wazi, ila uende na ndoo yako.

Na ukumbini, hatua moja kabla ya kizingiti,
ambako marumaru hayafiki,
nimeurudishia ubao wako, kile kipande kilichobaki kizima.
Nimeupiga randa kidogo usikuchome mwiba.
Nimeufunga kwa skrubu nne.

Tatu nimezikaza.