Jumatatu, Jumatano, Ijumaa

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Youngstown,
theluji ya mlangoni haijapata unyayo,
na sisi watatu tumeshakalia viti vyetu vya kusafishiwa damu:
mkono umenyooshwa, sindano mbili,
damu inatoka, inazunguka mashineni, inarudi
imepoa kidogo, kama chai ya mtu aliyeitwa nje.
Muda wa saa nne. Utafanya nini?

"Vantreese," anaanza Cleophus Dade, salamu bado,
"angemfundisha Hrabovsky wako kulala mapema."
Emil Jurchak hufumba macho kwanza,
kama mtu anayetafuta chenji mfukoni,
kisha: "Wako alikuwa mcheza dansi.
Wangu alipopiga mbavu,
waliokaa safu ya nane walishika za kwao."

Ndivyo tulivyo, mwaka wa sita huu.
Mabingwa wenyewe hawakuwahi kukutana ulingoni:
mapromota walivutana, mkataba ukachanika,
mmoja akazeeka Jumanne, mwingine Alhamisi.
Kwa hiyo pambano limebaki kwetu,
halina kengele, halina refa,
ila nesi Tamsin na mashine yake ya presha.

"Kushoto kwa Vantreese," asema Cleophus,
na kushoto kwake mwenyewe kumebanwa plasta,
anaonyesha kwa kidevu,
"kulikuwa hodi. Hodi, hodi, hodi,
na hakungoja mtu aseme karibu."
"Alimbishia nani? Dereva wa lori wa Tulsa?
Yule wa Omaha aliyekuwa haoni jicho moja?"
"Alikuwa na mkanda!"
"Mkanda hata suruali yangu inao."

Hapo mashine ya Emil inalia, pii, pii,
Tamsin anakuja mbio na viatu vyake vya mpira:
"Mzee Jurchak, nitakuhamishia dirishani."
Ni kitisho kikubwa. Dirishani kuna mama mmoja
anayependa mapishi ya televisheni.
Wananyamaza dakika mbili. Tatu, wakijitahidi.

Kuna wasiyoyasema. Kiwanda kilipokuwa hai
Emil alikuwa juu, penye kreni,
Cleophus chini, penye moto na masizi,
na usiku wa mapambano kila mmoja alisikiliza redio
kwenye baa ambayo mwenzake asingeingia.
Leo wanagawana blanketi moja la ziada.

Nami nina langu.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Cleveland,
nimeshika ndoo kwenye kona ya Hrabovsky.
Ndoo tu. Atemee.
Raundi ya kumi na moja yale maji yalikuwa na rangi ya divai
na jino moja lilizama taratibu, halikuwa na haraka.
Alishinda. Ukumbi ulisimama juu ya viti.
Chumbani nikamfungua kamba za viatu,
akaniwekea mkono kichwani, mzito, bado una bandeji,
akauliza: "Kijana, tunapanda saa ngapi?"

Sijawahi kumwambia Emil.
Sijamwambia hata Cleophus, ambaye angepata silaha.
Mara moja nilifungua mdomo,
nikaona jinsi Emil anavyokunja ule mkono usio na sindano
kila akilitaja lile jina,
kama mtoto aliyepewa sarafu akaambiwa asiipoteze.
Nikaomba maji.

"Ayala, we mbona kimya? Nani mkali?"
Wamenigeukia wote, mirija inatikisika.
Nasema: sare.
"Sare!"
"Sare, anasema!"
"Huyu ngumi kazionea wapi?"
"Muulize. Wapi?"
Sasa wako upande mmoja, bega kwa bega, dhidi yangu,
na bado imesalia saa moja na robo.