Wino Mweusi Umekwisha

Duka langu liko Wandegeya, ngazi saba chini ya barabara,
mashine mbili: moja nzima, moja ya kung'olewa vipuri.
Nimetoa nakala za vyeti vya watu waliovuka bahari
na mimi mwaka wa nne sijavuka daraja la Pakwach
kwenda Arua kuona kaburi la shangazi.

Candiru alikuja na flashi shingoni kama hirizi.
Fomu ya chuo cha Ohayo ilimtaka aeleze
taabu aliyoishinda, kwa maneno mia sita na hamsini.
"Anko Ondoma, taabu ipi?
Tulikula. Tulisoma. Baba ana pikipiki."
Nikamwambia, andika ile mvua iliyoezua paa la shule.
"Lakini ilikuwa siku moja tu, na tulicheka sana."
Nikasema, kicheko kifute.
Akakifuta.

Na taarifa ya benki:
pesa za ukoo, za jirani, za kwaya ya kanisa
zililala katika akaunti ya baba yake siku tatu,
zikapigwa muhuri, zikaamka,
kila shilingi ikarudi kwa mwenyewe.
Nilichapa mimi ushahidi ule, rangi kamili, elfu moja.
Mungu anajua. Nadhani na benki inajua.

Sauti zake huingia simuni saa tisa usiku.
"Anko, leo ni Usiku wa Afrika, wamenipa ngoma.
Nimewaambia sijui kupiga, wakasema jaribu tu.
Wali ni wa Lagos, kitenge ni cha Uholanzi,
na mimi nimesimama katikati kama ramani."

Halafu Desemba:
"Mabweni yamefungwa, wenyewe wamekwenda kwao.
Tumebaki watano na sufuria moja.
Nimesonga posho kwa unga wa njano, mgumu kama saruji.
Mnepali ameonja, akaweka kijiko chini, akalia.
Anasema bibi yake husonga hivihivi, kule milimani.
Hiyo, anko, hakuna aliyeipiga picha."

Leo asubuhi ameshuka ngazi kijana wa Kabale, Mugarura,
anataka kijitabu cha chuo kilekile, kurasa nane,
anataka kukishika mkononi, simu haimtoshi.
Ukurasa wa tatu ukatoka polepole, mstari kwa mstari:
anga, majani mekundu, koti la njano,
kisha taa ikaanza kupepesa.
Wino mweusi umekwisha.

Candiru akatoka na uso wa waridi,
kijani kidogo penye mashavu, nywele kama moshi,
meno yote nje,
anacheka kile kicheko nilichomfutisha.

"Huyu ni wa kwetu kweli?" Mugarura akauliza.
Ngoja, nikasema.
Nikatikisa chupa, nikamimina, nikajipaka vidole,
nikachapa upya. Akatoka mweusi, akatoka mzuri,
kijana akamkunja vizuri ndani ya bahasha
kisha akaniuliza, huku akihesabu sarafu,
kama ninajua taabu yoyote anayoweza kuandika.

Nilitazama mikono yangu.
Nikamwambia arudi kesho.

Ile nakala ya kwanza sikumtoza.
Ninayo hapa droani, chini ya stepla.
Sijui niitupe
au niipige lamineshini.