Nasaba ya Tope

Tulichomeka bomba Mkanda, maji yametoka,
mimi na Shekuwe, magoti ndani,
likapanda jeusi, laini
kama halua iliyokataa kuganda.
"Nani kavunja yai viza?" akauliza mwenye mashua,
kanga ya mkewe puani.

Hakuna yai. Huko chini hewa haishuki.
Vidole viwili tu chini ya uso, oksijeni imekwisha,
na wanaopumua wamehama.
Wamebaki wale wadogo wasioitaka,
wanakula polepole, wanaacha makombo,
na makombo ndiyo niliyoyafuata.

Sentimita hamsini na mbili: jani la mkoko.
Mishipa yote ipo, kikonyo kipo,
kama limebanwa ndani ya juzuu na mtu
aliyekusudia kurudi.
Nikaandika daftarini: mikoko. Nani angebisha?
Mikoko imetuzunguka kama mashahidi wa ndoa.

Wiki ile ile walikuja watu kwa posa.
Kahawa ikapita. Bi. Mwanasiti
akahesabu mababa saba wa mwanawe
bila kumeza mate, kisha akanigeukia:
"Na wewe, mwanangu, u wa nani?"
Mama akataja jina moja. Akanyamaza.
Jina moja ni mkufu mfupi, haufiki kifuani.
Mimi nikaficha kucha. Weusi ule
hautoki kwa sabuni, hautoki kwa ndimu.

Majibu ya maabara yaliingia Alhamisi, kwenye simu.
Kaboni haina haya, haijui kupamba:
mkoko husoma hasi ishirini na nane,
nyasi za bahari hasi kumi na mbili,
na tope langu, lililolala mizizini mwa mikoko,
hasi kumi na tisa.

Theluthi tu ni ya hapa.
Nusu ni nyasi zilizong'oka nje ya mwamba
zikaletwa na bamvua;
kilichobaki ni udongo wa Tana, vumbi la malisho
ya watu ambao hawajaiona bahari.

Na lile jani?
Jani ni jani. Lilikuwa moja.

Shekuwe alisema tupime tena. Tumepima.

Leo Bi. Mwanasiti katuma mtoto mlangoni:
anauliza, marehemu baba alikuwa wa Siyu au wa Faza?
Mtoto anangoja, anakwaruza ukuta kwa kidole cha mguu.
Maji yanatoka tena, harufu inapanda kichochoroni,
nami nimeshika kalamu,
nafikiria kumjibu kwa asilimia.