Ukurasa wa Arubaini na Moja

Saa nane usiku, mjini Paarl, Gesina Terblanche
amekwama.
Jukwaani, mama wa Dublin ameletewa maiti ya mwanawe.
Amemvua kiatu, anakipiga rangi.
"Nani atakivaa?" jirani auliza.
Mama hajibu. Anasugua.

Kiatu ni rahisi: *skoen*.
Jirani pia. Na vita, ah, hilo
limenyonya naye ziwa moja.
Kinachomshinda ni neno lililo chini yake,
peke yake ndani ya mabano:
kimya.

Maana kimya cha Dublin kina mvua, kina moshi wa makaa.
Cha kwao kina seng'enge,
hema la Bethulie,
na dada yake Lenie, wa miaka minne,
aliyezikwa katika sanduku la mishumaa.
Mlinzi wa lango, mama alisimulia,
alikuwa kijana wa Ayalandi.
Aligeuza uso. Akavua kofia.

Gesina anaandika kimya,
anakifuta,
anaacha mstari mtupu.
Waigizaji watajua.
Wasipojua, basi wakae na kiatu mkononi
hadi mtu wa viti vya nyuma
akohoe.