Mizania ya Mshtarii

Umeme umekatika Barabara ya Kumi na Mbili.
Mwantumu kaja barazani na daftari la fizikia,
kamulika kwa simu.
"Shangazi, si wewe karani wa hesabu?
Hii yangu haifungi."

Nikasoma.
Jua linalomfikia Mshtarii
ni fungu moja katika ishirini na saba
la hili linalolainisha lami Chumbageni.
Na hilo fungu, karibu nusu yake
mawingu hulirudisha mlangoni.
Kinachoingia, kiite moja.
Kinachotoka, usiku na mchana,
ni karibu mbili.

Nikacheka kicheko cha ofisini.
Miaka kumi na tisa nakagua vitabu vya bandari.
Nimeona stakabadhi zenye sahihi za marehemu,
marobota ya mkonge yaliyopakiwa mara mbili
katika meli moja.
Apokeaye moja akatoa mbili
ana deni, au ana ghala la siri,
au mwizi.

"Ana moto?"
"Hana. Hakufikia kuwa nyota.
Mwalimu Kihiyo anasema joto jingine ni la kuzaliwa nalo,
na bado anasinyaa.
Uzito wake mwenyewe unamkaba, anajibana,
na kule kujibana ndiko joto.
Kidogo tu kwa mwaka, shangazi,
ukucha unamshinda kwa mwendo."

"Kumbe anakula mtaji."

"Hilo halimo kitabuni,"
akasema, akaingia ndani kutafuta rula.

Baba alikuwa mchoma chokaa, Pongwe.
Nilimpelekea chai siku ya tatu moto umezimwa,
na tanuri likanisukuma kifuani
kama mtu aliyekasirika.
"Usiguse," akasema. "Limezimika, halijapoa."

Sasa hachomi chochote.
Shamba hana. Mbuzi hana.
Kila mwisho wa mwezi namtumia elfu hamsini;
kesho yake elfu ishirini na mbili zinarudi
na ujumbe bila salamu: *ninazo*.
Zinabaki ishirini na nane.

Mwezi wa Shabani nikakaa na kalamu nyuma ya kalenda:
viatu vya huyu Mwantumu,
dawa ya macho ya jirani,
bati mbili za madrasa,
ada ya mtihani ya mtoto wa Semkiwa,
yule aliyeunguzwa mkono zamu ya baba
na baba hajawahi kulitaja jambo hilo mbele yetu.
Jumla: hamsini na sita.
Nikajumlisha tena. Na tena.
Nikapita dukani kuulizia deni.
Hakuna deni, mama, akasema mwenye duka,
ila siku hizi haji kununua mchele.

Sikuelewa. Mimi, mkaguzi.

Idi ilipofika nikamwona anavaa kwenda kuswali.
Mkanda wake ule wa kazini:
matundu matano ya kiwandani,
manne mengine ya msumari wa moto
yakielekea ndani, yamepinda kidogo,
na ncha imezunguka
hadi karibu na mgongo.
Nikamwambia kanzu inampendeza.

Mwantumu karudi, rula mkononi.
"Ile mistari yake, shangazi, ya rangi ya chai,
nayo inaitwa mikanda."
"Nimesikia."
"Hesabu je?"
"Inafunga."
"Niiandike upande gani?"

Akaninyoshea kidole juu ya paa la kina Mwajabu:
pale, ile kubwa isiyopepesa.
Nikaitazama kama mtu anayetazama saa
asisome wakati.

Umeme ukarudi. Redio tatu zikaanza pamoja,
taa ya mtaa ikaifuta.
Nikafungua simu, tarehe kumi na moja,
wala si mwisho wa mwezi,
nikatuma elfu hamsini,
nikakaa barazani
kungoja zirudi ngapi.